Panya Wafunge

Utafiti wa kwanza wa Bi Maini ulifanyika jikoni kwa bibi yake, naye alikuwa hajatimiza miaka sita. Watu wazima walikuwa wakinong'ona sebuleni kwamba bibi ana sukari, na kwamba sukari yenyewe imepanda sana. Mtoto aliyapima maneno hayo kwa makini. Sukari aliijua iliko: katika kopo la bati lenye kifuniko kigumu, juu ya rafu ambayo mkono wake haukuifikia. Kwamba imepanda halikuwa jambo la kumshangaza. Lakini kama bibi anayo mwilini, basi hapana haja ya rafu wala ya kiti cha kupandia. Alingoja bibi akae kuchambua mchele, akamwendea kwa nyuma, akamlamba kiwiko.

Kiwiko kilikuwa na chumvi.

Bibi hakukaripia. Aligeuka taratibu, akamtazama kwa jicho la mtu anayetaka kujua mwisho wa hadithi. "Umepata nini, mjukuu wangu?"

"Chumvi, Bibi."

"Jaribu na cha pili. Mtu haamui kwa kiwiko kimoja."

Cha pili nacho kilikuwa na chumvi. Mtoto alipotangaza matokeo hayo kwa uso wa hakimu, bibi alicheka hadi ungo ukamponyoka na mchele ukatapakaa sakafuni, na wote wawili wakapiga magoti kuuokota, bado wakicheka. Bibi alifariki miaka mingi baadaye, kwa sukari hiyohiyo, na mjukuu alikwisha kuwa mwanafunzi wa chuo. Kwenye msiba watu walimwona akitabasamu peke yake pembeni, akiwa ameshika kiwiko chake mwenyewe, na wakamsamehe, kwani wasomi wana mambo yao.

Jina lake hasa lilikuwa refu na la heshima, nalo liliandikwa kwenye mlango wa ofisi. Lakini halikutumiwa na mtu yeyote isipokuwa benki. Lile la Bi Maini alipewa na muuza nyama, siku zile za chuo. Kila asubuhi alikuwa mteja wa kwanza dukani, akiomba ini bichi la ng'ombe aliyechinjwa siku ileile, lisioshwe wala kukatwa. Muuza nyama alianza kwa kumhurumia, akidhani binti ana upungufu wa damu, kisha akamshuku, akidhani anafuga simba, mwisho akamzoea, akawa akiwasukuma wateja wengine pembeni na kusema, "Mpisheni Bi Maini, darasa linamngoja." Aliondoka kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu, akakaa huko miaka, akarudi na sanduku la vitabu, na jina alilikuta kizingitini likimngoja kama paka.

Kazi yake, basi, ilikuwa kukata maini, kwa wembe mwembamba na chini ya darubini, ingawa katika maisha yake yote hakuwahi kumkata binadamu maini.

Alichokitafuta ndani ya maini hayo aliweza kumweleza mtu yeyote aliyethubutu kumuuliza, na wengine ambao hawakuuliza. Ini, alisema, ni mwenye ghala. Mtu akila, ini huweka akiba ya sukari. Mtu asipokula, hufungua mlango na kutoa kidogo kidogo, ili ubongo usizimike kama kibatari. Mwenye ghala timamu anajua wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari, mwenye ghala huyo amerukwa na akili: damu imejaa sukari mpaka ukingoni, naye bado anagawa, kama mlevi aliyepokea mshahara. Swali lake lilikuwa fupi kiasi cha kuandikwa kiganjani: nani hulifunga ini mlango?

Alilifuata swali hilo kama mtoto anavyofuata tiara iliyokatika uzi, uso juu, miguu ikikanyaga popote. Alilishuku kongosho, akaliachia. Akaushuku utumbo, akauachia. Akayashuku mafuta ya tumboni, nayo yakampa makala mbili katika jarida la kisayansi na kiungulia kisichokwisha. Kila mshukiwa mpya alimtangaza kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani ambaye nusu ya mji ilivaa nguo zake, na dada alimsikiliza bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Labda halitaki tu," dada alimwambia siku moja, pini zikiwa mdomoni. "Hilo ini lako. Linaambiwa funga, linasikia, halitaki. Mbona shemeji yako ninaye humu ndani."

Maabara yake ilikuwa nyuma ya hospitali, katika chumba kilichokuwa zamani cha dobi. Sakafu iliteremka kuelekea mfereji wa maji machafu, na kwa hiyo kila chenye magurudumu kilikuwa na safari yake: kiti cha Bi Maini, kama hakikukaliwa, kiliondoka mezani asubuhi na kufika mlangoni adhuhuri. Katika chumba cha ndani waliishi panya, weupe, wanene, wa ukoo unaozaliwa na kisukari. Dirisha lao lilitazama ua, na uani ilisimama taa kubwa ya ulinzi. Taa hiyo ilikuwa fahari ya Bi Maini. Kuna mwaka wezi walivunja mlango wakaondoka na jokofu pamoja na maini yaliyokuwamo, na haijulikani hadi leo walikula nini wiki ile. Naye akaipigania taa, ofisi baada ya ofisi, mpaka ikasimikwa, kali kiasi kwamba mlinzi aliweza kutia uzi kwenye sindano usiku wa manane.

Sasa baraza la hospitali lilikuwa limepitisha azimio. Chumba kisichotoa matokeo kifungwe, kiwe stoo ya magodoro. Baraza lingekutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi kusikiliza neno la mwisho la Bi Maini, na kila mtu alijua kwamba magodoro yamekwisha kuagizwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakuwa na maabara nyingine ya kwenda, wala hakutaka swali jingine.

Turufu yake ilikuwa moja, poda ya manjano aliyoihangaikia kwa miaka mitatu, ambayo kwa hesabu zake ingelishika ini mkono na kuliambia basi. Nusu ya panya walikuwa wakiinywa katika maji; nusu walikunywa maji matupu. Kipimo cha mwisho kingefanyika Jumatatu asubuhi, siku chache kabla ya baraza, panya wakiwa hawajala usiku kucha, kwa maana tumbo likiwa tupu ndipo ini hujulikana tabia. Na tabia ya maini yale aliijua kama anavyojua jina lake: kila asubuhi, kila kipimo, sukari kumi na tano, kumi na sita, bila aibu.

Siku zote aliwaondolea panya chakula kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii asingeweza, kwa kuwa binti wa dada yake alikuwa anaolewa mji wa pili, na dada aliapa kwamba asiyehudhuria asimtafute tena kwa vifungo vya koti.

Kazi ilimwangukia mtunza panya. Huyu alikuwa mgeni wa miezi michache, askari magereza mstaafu, mrefu, mnyoofu, mwenye koti la kazi lililopigwa pasi hadi mikono yake ikawa na makali. Watu wote walimwita Afande. Yeye alimwita Bi Maini "Mkuu," na panya aliwaita mahabusu, kwa maelezo kwamba bado hawajahukumiwa. Kila asubuhi alisimama mlangoni akatoa taarifa. "Mahabusu wote wapo, Mkuu. Afya njema. Yule wa kona anauma."

Ijumaa ile, ukumbi wa harusi ulikuwa umefurika, vipaza sauti vikinguruma hadi vijiko vinatembea mezani, ndipo Bi Maini alipokumbuka kwamba hakumpa Afande maagizo. Akajibana nyuma ya nguzo na simu yake.

"Afande, unanisikia? Jumapili jioni, panya wafunge."

Kipaza sauti kiliimeza Jumapili yote pamoja na jioni yake. "Sijakupata, Mkuu. Panya wamefanyaje?"

"Wafunge."

"Wote, Mkuu?"

Hapo muziki ulikatika ghafla, kama inavyotokea watu wanapobadilisha wimbo, na sauti ya Bi Maini ikabaki peke yake ukumbini, imenyooka kama mlingoti. "Wafunge. Wafunge wote, nasema, asiachwe hata mmoja."

Vichwa mia tatu viligeuka. Bibi harusi alimshika bwana harusi mkono. Mjomba wa bwana harusi, mzee mnene mwenye tai ya zambarau, ndiye aliyeokoa jahazi. "Wameshafunga, mama," alisema kwa upole. "Ndoa imepita tangu saa nane. Njoo ule keki."

Ukumbi uliangua kicheko ambacho fundi mitambo alilazimika kukingoja kiishe. Dada alimfuata nyuma ya nguzo, akijipangusa machozi kwa kitambaa cha meza.

"Umesikia? Wenzako wameshafunga. Wewe utafunga lini?"

"Nikimaliza na panya."

"Basi utafunga ndoa na panya. Nitakushonea shela la waya."

Jumatatu asubuhi Bi Maini alifika maabara jua likiwa bado changa. Afande alikuwa bombani akiosha vibakuli, kama kawaida yake ya asubuhi. Chumbani mlikuwa na panya tu, dirisha wazi, hakuna punje ya chakula. Yote shwari. Alivaa koti, akamnyooshea mkono panya wa kwanza wa poda, akapata tone la damu mkiani, akaliweka kwenye kipimo. Kipimo kilifikiri kidogo.

Nane.

Alikitikisa. Akakumbuka jikoni, na ungo, na mchele. Mtu haamui kwa kiwiko kimoja. Panya wa pili: nane na nusu. Wa tatu: saba. Wa nne alikuwa yule anayeuma, akauma, naye Bi Maini akamshukuru. Nane. Alipofika kwa panya wa mwisho wa kundi la poda, alikuwa akicheza dansi la miguu miwili kwenye sakafu ya mteremko, na kiti chake kikamwacha kikaenda zake mlangoni.

Alimpigia dada yake. "Dada, limefunga."

"Nani? Umeolewa na nani usiku huu?"

"Ini, dada. Ini limefunga."

"Ukoo wake tunaujua?"

Bi Maini alikwisha kutoka mbio hadi kwenye ukumbi wa hospitali, koti likipepea, na huko akagongana na Mkurugenzi, mtu mkavu ambaye hata mkewe, walisema, alimsalimia kwa kuinua kalamu. Bi Maini alimkumbatia. Alimkumbatia mzimamzima, pamoja na mafaili yake, mbele ya wauguzi wawili na mgonjwa aliyekuwa juu ya machela. "Poda imefanya kazi," alisema kwenye bega lake. "Lile ini limefunga mlango."

Mkurugenzi, alipoachiwa, alirekebisha miwani na kuvumbua kwamba anatabasamu. "Nampigia Mwenyekiti sasa hivi," alisema, akaondoka kwa hatua ambazo kwa mtu mwingine zingeitwa kurukaruka.

Lilibaki kundi la maji matupu, kwa ajili ya kukamilisha tu. Hao walipaswa kuwa na kumi na tano yao ya siku zote. Bi Maini alirudi akiimba, akampima wa kwanza.

Nane.

Wimbo ukapungua sauti. Wa pili: saba na nusu. Wa tatu: nane. Alijitoboa kidole chake mwenyewe, akajipima. Kipimo kilikuwa kizima na yeye pia. Waliokunywa poda, wasiokunywa poda, wote walikuwa sawasawa kama meno ya kitana. Turufu yake ilikuwa unga wa rangi ya manjano, basi.

Ndipo Afande alipoingia na vibakuli vilivyong'ara, akaanza kuvijaza.

"Afande," Bi Maini aliuliza polepole, "jana jioni panya walifunga?"

"Nimewafunga tangu Ijumaa, Mkuu. Saa ileile ulipotoa amri."

"Tangu Ijumaa? Hawajala tangu Ijumaa?"

"Kwa nini wasile?" Afande aliudhika kidogo. "Mahabusu ana haki ya chakula. Wamekula vizuri sana, mpaka jana usiku. Leo asubuhi ndiyo nimewafungua."

"Umewafunga, halafu wakala."

"Ndiyo, Mkuu."

"Lakini mimi nilisema wafunge."

"Ndiyo maana nikawafunga."

Walitazamana. Lugha ilikuwa imewapa neno moja wote wawili. Mmoja amelipeleka kwenye tumbo tupu, mwingine amelipeleka kwenye komeo, na neno lenyewe halikumdanganya yeyote. Bi Maini alihisi kicheko kikimpanda kutoka miguuni, akakizuia magotini, kwa sababu kulikuwa na jambo lisilokaa sawa. Panya wenye njaa walikuwa na kumi na tano miaka yote. Hawa walioshiba wana nane.

"Afande, uliwafungaje?"

Afande alisimama wima, mikono nyuma. "Mifuniko ya vizimba, nikaibana. Mlango wa ndani, nikatia komeo. Kioo cha juu ya mlango, nikakitundikia blanketi. Dirishani kuna ule ubao wa zamani wa dobi, ulikuwa nyuma ya jokofu. Nikaupachika, nikapiga misumari minne. Tundu la hewa niliacha. Mahabusu akifa, mimi ndiye ninayeandika maelezo." Akasita. "Amri ilikuwa wafunge, Mkuu. Mimi sifungi nusu."

"Hebu wafunge tena. Pamoja na mimi."

Afande alimfungia. Ubao ukaziba dirisha, blanketi likaziba kioo, na giza likamwangukia Bi Maini, zito na kamili, hata mkono wake hakuuona. Alisimama asijue anangoja nini. Mwanzo kimya. Kisha nyayo ndogondogo zikaanza. Gurudumu moja la kuchezea likazunguka, la pili likalijibu. Mmoja akatafuna, mwingine akagugumia maji. Hao walikuwa panya aliowatazama miaka nenda rudi wakizubaa usiku na mchana kama wasafiri waliokosa gari. Panya ni mnyama wa usiku, kila mtoto wa shule anajua. Na panya wake hawakuwahi kupewa usiku. Nje ya dirisha lao iliwaka taa inayotosha kutia uzi kwenye sindano, na aliyeizungukia ofisi zote kuiomba taa hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mwenye ghala hakuwa mwendawazimu. Alikuwa hajui ni saa ngapi.

Afande alipofungua mlango alimkuta Mkuu wake ameketi sakafuni, mgongo ukutani, anacheka bila sauti, machozi yakimtiririka, na akiteleza taratibu kuelekea kwenye mfereji.

"Mkuu, kama nimekosa, niandikie barua."

"Umekosa, Afande. Umekosa vizuri sana. Nishike mkono."

Kilichokuwa kigumu kilifuata. Alijipangusa uso, akaenda ofisini kwa Mkurugenzi, akasimama mbele ya meza.

"Nimekuja kulichukua lile kumbatio."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini.

"Poda haifanyi kitu," Bi Maini alisema. "Waliokunywa na wasiokunywa, wote sawa. Nilikimbia kabla sijamaliza kupima. Kosa langu."

"Mwenyekiti nimeshampigia. Amefurahi. Anasema atakuja mwenyewe na wajumbe wote." Mkurugenzi alitazama dirishani, akashusha sauti kama mtu anayezungumza na dirisha. "Hukuweza kuligundua hili wiki ijayo? Baada ya baraza?"

"Nimeligundua leo."

"Na sasa nimwambie nini?"

"Mwambie poda imeshindwa. Mwambie nina kitu kingine, ila sijui bado kama ni kitu. Ijumaa asubuhi nitajua."

"Na kama si kitu?"

"Magodoro nayo yanahitaji pa kulala," alisema Bi Maini; na alikuwa na uso wa mtu aliyepoteza mkoba akaokota kasuku, jambo ambalo Mkurugenzi, hata baadaye, hakuweza kulieleza kwa mkewe.

Wakafanya hivi. Panya waligawanywa kwa kura, poda ikamwagwa. Nusu walikaa nyuma ya ubao na mablanketi, wakapewa giza la haki. Nusu walihamishiwa chumba cha nje, kwenye mwanga wa taa waliouzoea. Chakula kilikuwa kilekile, maji yaleyale. Alhamisi jioni Bi Maini aliondoa chakula kwa mkono wake, bila kutamka neno lolote linaloweza kueleweka.

Ijumaa asubuhi dada alifika na maboksi matatu matupu na kamba.

"Nimekuja kukusaidia kubeba," alisema. "Kama wakifunga."

Aliketi juu ya maboksi yake. Bi Maini aliketi ameyapa vyumba kisogo, ili asijue nani anatoka gizani na nani mwangani, na Afande akawaleta mmoja mmoja, akitangaza namba ya kizimba tu kwa sauti ya mahakamani. Tone, kipimo, namba. Dada aliandika kwa chaki ya kushonea, kwenye kipande cha kitambaa, kwa sababu karatasi hazikuwa karibu na yeye hakupenda kusimama. Walipomaliza, Afande alisoma nani alikuwa wapi.

Wa gizani: saba, nane, saba, saba na nusu. Wa mwangani: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na yule anayeuma kumi na nne.

"Hii ni nzuri au mbaya?" dada aliuliza. "Niambie nijue kama nifungue kamba."

Bi Maini alimwinua juu ya maboksi, wakazunguka, dada akipiga kelele kwamba kiuno chake si cha serikali, na sakafu ikawapeleka wote wawili mpaka mlangoni, ambapo Afande aliwapokea kwa heshima zote.

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu na viti ambavyo havikutembea. Mwenyekiti, mhasibu mstaafu mwenye nyusi nene, alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa imekunjwa. Bi Maini alisema yote: poda, harusi, simu, wafunge ya kwanza na wafunge ya pili. Hakuruka kitu.

"Nikuelewe," alisema Mwenyekiti. "Miaka yote hii panya walikuwa wakilala na taa."

"Walikuwa hawalali, Mwenyekiti. Wala hawaamki. Hiyo ndiyo shida."

"Na taa hiyo aliiomba nani?"

Mkurugenzi alitazama dari.

"Mimi," Bi Maini alisema.

"Kwa barua saba," alisema Mwenyekiti. "Nakumbuka. Ya saba ilikuwa na matusi." Mabega yake yakaanza kutikisika, ilimchukua kila mtu muda kutambua kwamba anacheka, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kuona. "Na aliyeidhinisha ni mimi. Basi tuliwaharibia usiku sisi wawili." Alijipangusa macho. "Haya. Sasa unataka tukununulie mashine gani?"

"Pazia zito. Na swichi ya taa."

"Na nini?"

"Na muda."

Wajumbe walitazamana kama watu waliojiandaa kubeba gunia wakapewa unyoya. Mwenyekiti aliinama mbele, akapunguza sauti, ingawa chumba kizima kilimsikia. "Mimi nina sukari. Na hulala televisheni ikiwaka. Unasemaje?"

"Sisemi kitu, Mwenyekiti. Wewe si panya. Nipe muda, ndipo nitakuwa na la kukwambia. Ila kuizima hakutakuua."

Walikubaliana kabla chai haijapoa. Katibu aliandika azimio, akalisoma kwa sauti: maabara isifungwe madirisha yafungwe. Mwenyekiti alinyanyua kidole. "Tia mkato hapo katikati. Neno hili limeshatuchezea vya kutosha."

Mapazia alishona dada, mazito, meusi, yenye bitana, na aliyapima dirishani mwenyewe huku amesimama juu ya boksi mojawapo lililokuja kubeba vitu. Pini zilikuwa mdomoni kama kawaida.

"Basi maabara haikufungwa, ini limefunga, panya wamefungwa," alisema. "Bado wewe tu. Utafunga lini?"

"Jumapili," alijibu Bi Maini, akimshikia kitambaa. "Likishapigwa pasi hili, nalifunga jioni."

Dada alimtupia mpira wa uzi.

Afande alikuwa amesimama mlangoni akingoja nafasi, koti lake likiwa na makali yake yote. "Mkuu, na hiyo Jumapili? Kwa mahabusu kuna amri?"

Bi Maini alifungua mdomo, akaufumba. Alilichagua neno kwa uangalifu wa mtu anayechagua yai sokoni, akaligeuza, akaliangalia kwenye mwanga, akaridhika kwamba halina upande wa pili.

"Jumapili jioni, Afande, panya wasile."

Afande alitafakari amri hiyo kwa uaminifu wake wote.

"Wasile nini, Mkuu?"